Basi Lililokaa Kitako

Juzi jioni nilipaki gari la kufundishia nje ya nyumba, nikazima injini, nikashuka. Injini ilikuwa bado ya moto. Ikaanza kutoa ule mlio wa chuma kinachopoa, tik, tik, tik, na harufu ya oili iliyoungua ikachanganyika na ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Mwanafunzi wangu wa siku hiyo, mwanamume mwenye ndevu na duka lake la mabati, akaniona nazunguka gari kwa kunyata, funguo nimezifumbata kiganjani zisilie.

"Mwalimu, kuna nini?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna kitu. Nimezoea tu."

Sikumdanganya. Nilizoea hivyo zamani, mtaa wa Masuguru pale Korogwe, katika uwanja wa bibi yangu mzaa baba. Pale tuliishi watatu: bibi, mama na mimi. Baba alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwamba amefariki nilijua, kama mtoto anavyojua jina lake. Amefarikije, hakuna aliyeniambia, nami sikuona cha kuuliza. Nilikuwa na mambo yangu. Watoto wengine wa mtaani kwetu walikuwa na mbuzi, wengine walikuwa na redio kubwa. Sisi tulikuwa na basi.

Halikuwa letu, lakini hilo sikulitangaza. Lilikuwa basi linalokwenda Handeni asubuhi na kurudi Korogwe jioni, na dereva wake, Mzee Hatibu, alipanga vyumba nyuma yetu, mahali ambapo hata toroli lisingegeuka. Akamwomba bibi aliweke uwanjani kwetu. Bibi alikubali kwa sharti moja, kwamba siku za gulio mama akae kiti cha mbele, nyuma ya dereva, asisimame.

Jioni basi likiingia nilikuwa wa kwanza kufika. Mzee Hatibu alikuwa mtu wa taratibu. Alizima injini, akasikiliza kidogo, kisha akachukua mawe mawili makubwa na kuyaweka nyuma ya magurudumu. Akatoa turubai kuukuu, akalifunika basi usoni, kioo chote mpaka taa. Halafu alinigeukia, mimi niliyekuwa tayari nimenyoosha mkono kugusa bati.

"Mwajabu, usiligonge. Limelala."

Watu wote waliongea hivyo. Abiria walipita kuuliza, "Basi la Handeni linalala hapa?" na bibi aliwajibu, "Linalala hapa." Sasa mtoto ufanye nini? Niliamini. Mawe yalikuwa mito. Turubai lilikuwa blanketi. Ule mlio wa tik, tik ulikuwa ni kupumua, na ulipokoma nilijua usingizi umeshika. Siku za baridi, upepo wa milimani ukishuka, nilikwenda kuliweka sawa turubai lisije likaachia taa moja nje. Sikumwambia mtu. Niliona ni jambo ambalo kila mwenye akili analijua.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa kabichi. Kwao ni juu ya Mombo, milimani, na ndugu zake walimshushia kabichi, karoti na peasi kwa gari za Lushoto. Alhamisi alipakia viroba vyake juu ya basi la Mzee Hatibu, akaenda kuuza gulioni Handeni, ambako kabichi ya mlimani ilipokelewa kama mgeni wa heshima. Alirudi na mahindi, kuku, na harufu ya jua. Nikimwona anashuka nilisema shikamoo kwanza, kama nilivyofundishwa, halafu ndipo nikaruhusiwa kumkumbatia.

Bibi siku za Alhamisi hakula. Hakunywa hata chai. Alikaa kizingitini na kanga yake, ncha moja ameikunja mkononi, akitazama barabara mpaka basi liingie. Nilidhani anafunga. Walimu wa madrasa walitusifia sana funga ya Alhamisi, na mimi nikawaringia wenzangu kwamba bibi yangu ni mcha Mungu kuliko bibi zao. Jambo moja tu lilinitatiza, kwamba bibi yangu hakufuturu kwa adhana. Alifuturu kwa honi.

Ikawa Alhamisi moja ya masika. Mama aliondoka alfajiri kama kawaida, barabara ya Handeni wakati huo ikiwa ya udongo mwekundu, siyo hii lami wanayoiendesha wanafunzi wangu kwa mkono mmoja. Baada ya adhuhuri nilikuwa peke yangu mbele ya nyumba, kwenye kile kimteremko cha kuingilia mtaani. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Hapo ndipo nilipomwona muuza mkaa.

Wale wauza mkaa wa baiskeli kila mtu wa kwetu anawajua. Magunia yanapanda mpaka juu ya kichwa cha mwendeshaji, breki hakuna, kuna ndala tu ambayo mtu anaikandamiza kwenye tairi la nyuma kwa kisigino. Panapokuwa tambarare ndala inatosha. Penye mteremko na matope ndala ni matumaini tu. Huyu aliponiona alianza kupiga kelele akiwa bado juu.

"We mtoto, hapa kwa Mama Mwajabu?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie bibi yako, basi la Mzee Hatibu limelala Sindeni. Na mama yako ame..."

Akawa ameshanipita. Kisigino kilikuwa kinasaga tairi, moshi wa mpira unatoka, na yeye anapungua taratibu kuelekea sokoni, mdomo bado unaenda. Neno la mwisho lilibaki kwenye magunia.

Nilifurahi. Nilijua maana ya basi kulala kuliko mtu yeyote Masuguru. Nilishangaa kidogo tu kwamba limelala mchana, tena Sindeni ambako sijui kama wana mawe mazuri. Nikaenda uani kwa mwendo wa mtu aliyetumwa.

"Bibi, basi limelala Sindeni."

Ungo ulisimama. Mchele uliokuwa hewani ukaanguka chini, na bibi hakuutazama.

"Nani kasema?"

"Muuza mkaa. Kasema basi la Mzee Hatibu limelala Sindeni na mama ame."

"Ame nini?"

"Ame. Halafu akapita."

"Mwajabu, ame nini?"

Niliona bibi anahangaika, nikataka kumsaidia. Nikafikiri, nikampa jibu lililonyooka zaidi kichwani mwangu.

"Labda amelala nalo."

Sijawahi tena kumsikia mtu akitoa sauti ile. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama pumzi imekwenda ndani ikakosa njia ya kurudi. Bibi alikaa chini kwenye mchele wake, akaanza kusema maneno ya Kizigua ambayo sikuyajua, moja likirudiwa mara nyingi, na hilo nililijua: mwanangu.

Jirani wa kwanza alifika kabla sijaamua la kufanya. Wa pili alikuja na mkeka. Mtu mmoja alitumwa stendi kuuliza, akarudi na uso umemshuka. "Ni kweli," alisema. "Hata stendi wanasema limelala." Basi, hapo hakuna aliyeuliza tena. Ukiwauliza leo watakwambia kila mmoja alisikia kwa mwenzake, na kila mmoja alisikia neno lilelile moja. Basi linaweza kulala kwa sababu dereva ameamua kukesha mahali. Basi linaweza pia kulala ubavu, magurudumu yakitazama juu. Lugha yetu imeyaweka yote mawili kitanda kimoja na haikuona shida.

Mimi nilikuwa katikati ya kanga na vilio nikiwa mtulivu kabisa. Nilidhani wageni wamekuja tu, na kwa kweli nilipenda. Sufuria kubwa la shughuli lilitolewa, maharage yakabandikwa. Mama mmoja wa jirani alinivuta kifuani mwake mpaka nikakosa hewa.

"Masikini mtoto huyu," alisema.

"Msilie," nikawaambia. "Basi likilala linaamka. Mzee Hatibu atalifunika."

Wakazidi kulia. Niliwaona ni watu wazima wasioelewa kitu chepesi, nikawasamehe.

Wanawake wawili waliokaa nyuma yangu ndio walionifumbua macho. Hawakunijali, kwa hiyo waliongea kwa uhuru.

"Na ni neno lilelile. Mume wake naye si waliletewa hivyohivyo? Lori la mahindi limelala."

"Barabara hiyohiyo."

"Huyu mzee aliletewa habari ya mtoto wake, leo analetewa ya mkwe."

Nilikaa nalo lile neno. Mume wake, yaani mume wa mama. Lori limelala. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba lori la baba halikuamka, kwa sababu baba hakurudi. Kumbe kulala kulikuwa kwa namna mbili, na mimi nilikuwa nimeleta habari nyumbani bila kujua ni ipi.

Nilitoka kwenye umati nikaenda mahali pa basi. Palikuwa na doa la oili na mawe mawili. Niliyatazama yale mawe kwa muda mrefu. Yalikuwa mawe, yamechubuka upande mmoja, yana matope. Nilikaa juu ya moja nikalia kwa mara ya kwanza siku ile, na nilichotaka ni kitu kimoja tu, nisikie honi.

Honi haikuja. Ilikuja kengele ya baiskeli.

Kwanza sikugeuka. Halafu nikasikia sauti juu ya mteremko, ya mwanamke, inatetemeka kwa sababu ya mashimo.

"Nipisheni! Haina breki, nipisheni!"

Alikuwa mama. Kanga ameipitisha katikati ya miguu akaifunga kiunoni, matope mpaka kwenye nyusi, ndala moja mguuni na nyingine haipo. Baiskeli ilikuwa kubwa, ya kiume, yenye bomba la juu, na alikuwa ameiinamia kama mtu anayebishana na ng'ombe. Akanipita. Akapita sufuria la maharage. Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakaruka, akaingia uwanjani mpaka ukingo wa mkeka, na hapo akaangusha baiskeli upande mmoja na yeye akabaki amesimama upande mwingine, anahema.

Bibi alikuwa amejifunika kanga mpaka usoni. Hakuona kitu.

"Mama, shikamoo," mama alisema.

"Marahaba," bibi akajibu.

Alijibu kwa mazoea, kama mtu anavyojibu akiwa na homa. Kisha mkono wake ukasimama kwenye kanga. Mama aliangalia mkeka, akaangalia sufuria, akaangalia wale wanawake wote vichwa vimefungwa.

"Nani amefariki?"

Watu walitazamana. Ilibidi mmoja aseme, na aliyesema ni yule mama aliyeninyima hewa.

"Wewe."

Kilichofuata kilikuwa kicheko na kilio kwa pamoja, sikujua kipi kinaanzia wapi. Mimi nilikuwa nimeshashika kiuno cha mama kwa mikono yote miwili na sikusema shikamoo, na hakuna aliyenikumbusha. Bibi hakucheka. Alifunua uso, akamshika mama mguu, ule usio na ndala, akaukagua kama anatafuta palipovunjika. Alipoona mguu ni mzima, akasema kwa sauti ya kawaida sana, "Huendi tena Handeni."

Wale waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Hata mimi nilielewa. Handeni ndiko ilikokuwa ada yangu ya shule, ndiko yalikokuwa mahindi ya nyumba ile, na zaidi ya hayo ndiko mama alikotoka kila Alhamisi jioni na uso wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mama hakubisha. Alikaa kwenye mkeka wa msiba wake mwenyewe, akaomba maji, akayanywa yote, ndipo akaeleza.

Springi ya basi ilikatika kabla ya Sindeni. Mzee Hatibu akaliburuza mpaka kijijini, akaegesha, akasema watakesha pale mpaka springi nyingine ipatikane. Hakuna aliyechubuka hata kidole. Mama alimwona muuza mkaa anaelekea Korogwe, akampa salamu: basi limelala Sindeni, na mama Mwajabu amesema atarudi kesho. Akaridhika. Akashusha viroba akaanza kuuza kabichi palepale, maana watu wapo na kabichi zipo.

"Nilikuwa namkatia mtu kabichi nusu," alisema, "ndipo nikalisikia lile neno. Nimelisema mimi, lakini nikalisikia kwa masikio yako, Mama. Kisu kikanitoka."

Aliziacha kabichi kwa Mzee Hatibu, akaazima baiskeli kwa mwenye duka pale kijijini. Alitegemea kumkuta muuza mkaa njiani. Hakumkuta. Njia nzima alikuwa anasema peke yake, amesema atarudi, amesema atarudi, kama vile akilisema sana litamfikia yule mtu mbele.

"Na baiskeli ulijifunza wapi?" bibi aliuliza. "Kwenu ni milima mitupu."

Mama alitazama chini.

"Mwanao alinifundisha. Uwanja wa mpira, asubuhi wewe ukiwa shamba. Alisema ukijua utanirudisha kwetu."

Nakumbuka maharage yaliyokuwa yanaanza kushika chini ya sufuria, harufu yake imeenea, na hakuna aliyethubutu kuinuka kuyakoroga. Bibi aliitazama baiskeli iliyolala kwenye udongo, gurudumu la mbele likiwa limejaa matope. Nadhani alimwona mwanawe anakimbia nyuma yake, ameshika keria, anacheka.

"Basi halina kosa, Mama," mama alisema taratibu. "Barabara nayo ni barabara tu. Neno ndilo baya."

"Basi tafuteni neno lingine," bibi akajibu. "Hilo lisisemwe tena nyumbani kwangu."

Ilichukua muda watu kugundua kwamba ametoa ruhusa. Kisha kila mtu akawa na neno lake. Mmoja akasema limepumzika, wakamzomea, kwa sababu aliyepumzika naye tunajua yuko wapi. Mwingine akasema limepaki, bibi akasema hicho siyo Kiswahili. Mimi nilikuwa nimekaa mapajani kwa mama namtazama bibi, jinsi alivyotulia pale mkekani, miguu ameinyoosha, hawezi kupinduka hata akisukumwa.

"Limekaa kitako," nikasema.

Bibi alinitazama. Mdomo wake ukaanza kucheza, halafu mabega, halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa ile kanga ya msiba. Maharage yaliliwa yakiwa na harufu ya kuungua, na imamu aliyekuja kwa ajili ya mazishi akaombwa aombe dua ya shukrani.

Mama hana raha na simulizi hii. Nilipomsomea aliniambia nisimtie ushujaa, kwamba sehemu kubwa ya njia aliisukuma ile baiskeli, na ndala aliipoteza kwa kuanguka mtaroni karibu na Ngombezi mbele ya watu. Nimeandika hayo pia, nisije nikasutwa. Lakini najua nilichokiona. Na najua vilevile kwamba siku ile, kati ya watu wazima wote waliojaa uwanjani, aliyelielewa neno la muuza mkaa sawasawa alikuwa mtoto mmoja. Mtanisamehe, sijaacha kujivunia.

Alhamisi iliyofuata mama alipakia kabichi zake. Basi lilitoka, matope yakaruka. Nilikwenda kizingitini kukaa na bibi kwenye funga yake, nikamkuta ana kikombe cha chai mkononi. Alikishika muda mrefu bila kunywa, macho barabarani. Kisha akanywa. Siku ile ndipo nilipojua kwamba Alhamisi zote zile hakuwa amefunga.

Bibi hayupo sasa. Mzee Hatibu hayupo, na uwanja tumeujenga vyumba vya kupangisha. Mama yupo, anakaa kizingiti kilekile. Mwanangu wa kike anasoma Arusha, na siku anaporudi likizo mama hukaa pale tangu asubuhi, kanga begani, akijifanya anapunga hewa. Wiki iliyopita simu yangu ililia ujumbe mchana. Mama hakugeuza kichwa, lakini niliona ncha ya kanga imekunjwa mkononi mwake.

"Soma," alisema.

Mwanangu hakumkuta bibi yangu duniani. Mkeka ule hakuuona, wala sikumbuki kumkalisha chini nikamfundisha. Nikasoma.

"Shikamoo mama. Tairi limepasuka, basi limekaa kitako Mombo, wanabadilisha. Nakula mahindi. Msalimie bibi."

Kanga ikaachiwa.

"Marahaba," mama alisema. "Haya, niletee chai."